Milligramu moja ndani ya tonne ya damu

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba mukubwa wangu anakaa kwenye kiti mbele ya nyumba pale Katuba. Anaweka vidole viwili juu ya mukono wa kushoto, mahali mushipa unapiga, kiisha anaangalia saa. Dakika nzima. Watoto wa parsele wanajua: wakati ule hakuna kumusalimia. Ikiwa mapigo yanapita 60, anameza kidonge chake. Ikiwa yako chini ya 60, anakirudisha ndani ya karatasi na kutuma mutoto aniite.

"Kale ka kidonge kako kadogo," anasema, "kanapita mu kinywa hata bila maji. Lakini kalitaka kunimaliza."

Alitumika chini ya udongo miaka 27. Mapafu yalibeba vumbi, tension ilipanda bila yeye kujua, na siku moja moyo ukachoka. Miguu ilivimba. Usiku alilala amekaa, kwani akilala chini pumzi inakatika. Munganga akamwandikia dawa tatu: moja ya tension, moja ya kukojoza maji, na kile kidonge cheupe ambacho kwenye boîte kimeandikwa digoxine. Miezi mingi iliendelea vizuri. Akarudia hata kutembea mpaka sokoni.

Kiisha mvua za mwaka ule zikaanza, na kuhara pamoja nazo. Alihara wiki nzima na hakusema kwa mutu. Wazee wa mine ni hivyo, mpaka waanguke ndipo wanasema. Dawa ya kukojoza aliendelea nayo. Halafu akaona miguu inaanza kuvimba tena, na hapo akafanya hesabu yake mwenyewe. "Nilifikiri, kama kamoja kanasaidia, tubili tutasaidia zaidi." Alimeza viwili viwili kwa siku kadhaa.

Sisi tulianza kuogopa siku alipokataa bukari. Kesho yake akamuuliza mama mukubwa: "Juu ya nini mulipaka kibambazi jaune?" Kibambazi kilikuwa cheupe tangu zamani. Alikuwa anaona taa na duara la manjano kuzunguka, anatapika, na mapigo yake yalikuwa 38.

Kule lopitali munganga kijana aliomba kuona makaratasi yote ya dawa, akafunga nyuzi za mashini ya moyo kifuani, akasimamisha digoxine palepale, akamupa potasiamu na kumuweka siku nne. Baba mukubwa alipona. Lakini mimi nilimuuliza munganga: hamuwezi kupima ndani ya damu na kuona dawa ni kiasi gani? Akajibu kama mutu aliyechoka kujibu: "Inapimika, yaya. Mashini iko. Réactif njo hakuna."

Tangu siku ile nilitaka kujua hii réactif ni kitu gani, na namna gani matone machache ya maji yanaweza kukamata kitu kidogo vile. Niliyoyapata ndiyo ninawaandikia hapa, kwa sababu kidonge kile kiko ndani ya nyumba nyingi za muji huu, hasa nyumba za wazee wa kazi.

Teneur ya damu

Kwanza tuongee teneur, neno ambalo wasomaji wa ukurasa huu wanalijua kuliko waganga. Jiwe la shaba lenye teneur ya asilimia 3 linatoa kilo 30 za shaba kwa tonne moja. Kwa dhahabu kampuni inaweza kukubali hata gramu moja kwa tonne. Sasa, digoxine ndani ya damu ya mugonjwa anayetunzwa vizuri ni kati ya nusu milligramu na karibu milligramu moja kwa tonne ya damu. Ni mara elfu chini ya ile dhahabu. Na tonne yenyewe haipo: mutu mukubwa ana litre tano hivi za damu, na laboratwari inachukua chupa ndogo tu.

Waganga wanaandika kwa nanogramu na millilita: 0,5 mpaka 0,9 kwa moyo uliochoka. Kutoka 2 na kuendelea, hatari iko mulangoni. Angalia vizuri namba hizi. Kati ya dawa na sumu hakuna hata mara nne. Kidonge cha dawa ya kichwa unaweza kukosea hesabu yake na usione kitu, hiki hakisamehe. Tena kwa mugonjwa aliyepoteza potasiamu, kwa kuhara au kwa dawa ya kukojoza, hata 1,5 inaweza kumuangusha. Na mafigo ndiyo yanatoa digoxine mwilini. Kwa muzee ambaye mafigo yake yamechoka, kidonge kilekile alichomeza miaka mitatu bila shida kinaanza kubaki, kinarundikana polepole.

Pampu

Kila mutu aliyeshuka chini anajua kazi ya exhaure. Maji yanaingia usiku na muchana, na pampu zinayatoa. Kipushi, mwaka wa 2011, pampu zilishindwa na maji yakapanda ndani ya mine. Ilihitaji miaka ya kazi kuyarudisha chini. Basi kila chembe ya moyo iko na pampu zake ndogo. Zinatoa sodiamu tatu nje, zinaingiza potasiamu mbili ndani, bila kupumzika. Aliyezigundua ni Jens Skou, munganga wa Denmark, mwaka wa 1957, na mwaka wa 1997 akapewa Nobel.

Digoxine inafunga sehemu ya pampu hizo. Sehemu tu. Sodiamu inapanda kidogo ndani ya chembe, na kwa sababu hiyo kalsiamu nayo inabaki ndani, na kalsiamu ndiyo inakaza nyama ya moyo. Kwa hiyo moyo uliolegea unapiga kwa nguvu zaidi. Dawa hii inapunguza pia mwendo wa mapigo, jambo linalosaidia sana wale ambao moyo unakimbia bila mupango, kama vijana wengi ambao ugonjwa wa koo la utoto uliharibu vilango vya moyo wao. Lakini ukifunga pampu nyingi, moyo unapoteza mwendo kabisa. Potasiamu ikiwa kidogo, dawa inashika pampu kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu kuhara kwa baba mukubwa kulikuwa na uzito kama vile vidonge viwili viwili.

Dawa iliyotoka kwenye mushale

Digoxine yenyewe inatoka kwa ua la Ulaya. Munganga Muingereza William Withering aliandika kitabu juu ya ua la namna hiyo mwaka wa 1785, na digoxine safi ilitolewa kutoka kwa ndugu ya ua lile mwaka wa 1930. Lakini ukoo huu wa dawa uko na ndugu zake hapa kwetu Afrika, na habari yao ni ya wawindaji.

Kati ya 1858 na 1864 Livingstone alikuwa anapanda muto Zambezi na muto Shire, kusini na mashariki ya inchi yetu. Pamoja naye alikuwa munganga na mutu wa mimea, John Kirk, yule aliyekuja kuwa konsul Zanzibar baadaye. Waliona wawindaji wa kule wakipaka mishale sumu inayoitwa kombe, iliyotoka kwa mbegu za mumea unaopanda juu ya miti. Nyama aliyepigwa hakwenda mbali. Habari inayojulikana ni kwamba sumu kidogo ilimwagika ndani ya mufuko wa Kirk, ikagusa muswaki wake, na asubuhi alipopiga meno akaona mapigo ya moyo wake yanashuka. Mbegu zikapelekwa Edinburgh, ambako Thomas Fraser alizichunguza miaka mingi na kutoa dawa ya moyo ndani yake.

Mwaka wa 1888, kule Ufaransa, Arnaud alitoa ouabaïne safi kutoka kwa muti mwingine wa Afrika ya mashariki, ule ambao Wakamba na Wagiriama wa inchi ya Kenya (si commune yetu ya Kenya!) walipika kwa ajili ya mishale yao. Hata panya mumoja wa kule, mwenye manyoya marefu, anatafuna ganda la muti huo na kujipaka mate yake kwenye manyoya. Imbwa akimuuma, shauri yake. Wawindaji wale walijua kiasi. Waliijaribu sumu kabla ya kuipaka, na walijua kukata nyama mahali mushale uliingia. Kupima, kwao, ilikuwa kazi ya kila siku.

Namna ya kukamata kitu kidogo

Sasa turudi kwa réactif. Ndani yake kuna vitu ambavyo kwa Kifaransa tunaita anticorps, na kwa Kiswahili kingamwili. Ni askari wa damu. Kila mumoja anajua sura ya adui mumoja na anamushika yeye peke yake. Mwili unavitengeneza ukikutana na kitu kigeni.

Shida ni kwamba digoxine ni ndogo sana. Mwili hauioni kama adui, inapita kama mutoto asiyelipa ndani ya taxi-bus. Mwaka wa 1967, kule New York, Vincent Butler na mwenzake Chen waliifunga digoxine juu ya protini kubwa, albumini, wakaidunga kwa sungura. Mwili wa sungura uliona albumini, ukaona na kile kilichofungwa juu yake, ukatengeneza kingamwili kwa vyote viwili. Wakachukua damu ya sungura wale, na ndani yake vilikuwamo vikamata digoxine. Miaka miwili baadaye, 1969, Thomas Smith pamoja na Butler na Haber walikuwa wanapima digoxine ndani ya damu ya wagonjwa kwa nanogramu.

Lakini kingamwili hakionekani. Kikishika kitu, utajuaje? Lazima ukiwekee alama. Wale wa 1969 walitumia alama yenye mionzi. Kwetu, wana wa inchi ya Shinkolobwe, hakuna haja ya kueleza shida yake: inataka ulinzi, takataka zake ni taabu, na nguvu yake inapungua siku kwa siku hata kama chupa haijafunguliwa. Watu wakatafuta alama nyingine.

Waliipata ndani ya yai. Zamani ilionekana kwamba panya wakilishwa ute mubichi wa yai wanapata vidonda vya ngozi na manyoya yanaanguka. Ndani ya ute ule kuna protini inayoitwa avidini, na inakamata vitamini moja, biotini, isiuache mwili uitumie. Biotini tunaila kila siku ndani ya maini, kiini cha yai, karanga. Avidini ikiishika, haiiachi. Ni muunganiko kati ya ile yenye nguvu zaidi inayojulikana kati ya vitu vya uhai; maji ya chumvi hayaufungui, kuosha hakuufungui. Bakteria mumoja wa udongo anatengeneza ndugu yake, streptavidini, inayofanya kazi safi zaidi, na moja inaweza kushika biotini nne.

Kwa hiyo watu wa laboratwari wanachukua kingamwili cha digoxine na kukibandika biotini. Biotini ni ndogo, unaweza kubandika kadhaa bila kuharibu mikono ya kingamwili. Kiisha wanachukua streptavidini na kuifunga kwa enzimu inayotoa rangi. Kingamwili kinatafuta dawa, streptavidini inatafuta biotini, enzimu inapaka rangi. Kazi imegawanywa, kama kule mine: anayechimba si yeye anayevuta wagoneti.

Ubao wa jeton

Kipimo chenyewe kinafanywa juu ya sahani ya plastiki yenye mashimo madogo 96. Chini ya kila shimo wamekwisha kubandika digoxine. Wanatia maji ya damu ya mugonjwa pamoja na kingamwili chenye biotini. Sasa kingamwili kiko na njia mbili: kushika digoxine iliyobandikwa chini, au ile inayoogelea kutoka kwa mugonjwa. Damu ikiwa na dawa nyingi, vingi vinashika ile inayoogelea. Wanaosha, na vyote vilivyoshika dawa ya mugonjwa vinamwagwa. Vinabaki vile vya chini tu. Wanatia streptavidini na enzimu yake, wanaosha tena, wanatia maji yasiyo na rangi. Yanakuwa bluu. Tone la asidi linayageuza manjano na kuisimamisha kazi. Mashini inasoma.

Hapo watu wengi wanachanganyikiwa: rangi nyingi ni dawa kidogo. Rangi kidogo ni dawa nyingi. Mufano ni ubao wa jeton. Mutu akishuka, anatoa jeton yake ubaoni. Porion haendi chini kuhesabu watu; anaangalia ubao. Jeton nyingi ubaoni, watu wachache chini. Ubao mutupu, shimo limejaa. Sahani ile ni ubao. Na kwa kujua hesabu kamili, wanaweka ndani ya mashimo mengine kiasi cha digoxine wanachokijua tayari, wanalinganisha rangi na rangi.

Chupa za kingamwili chenye biotini zinazouzwa kwa watafiti zinaandikwa wazi kwamba ni za utafiti, si za kutibu mutu. Haina maana kwamba ni mbaya. Ina maana kwamba hakuna aliyethibitisha kwamba namba yake inatosha kuamua juu ya uhai wa baba yako. Kwa wagonjwa kuna vipimo vilivyokubaliwa kwa kazi ile, vinavyofuata wazo lilelile ndani ya mashini kubwa. Mutu akikuambia anapima moyo kwa chupa ya utafiti, uliza maswali.

Kwa maana kingamwili kinahukumu kwa sura, na sura inaweza kudanganya. Mwaka wa 1991, kule Maryland, Marekani, Hamlyn na wenzake walitangaza kwamba ndani ya damu ya watu ambao hawakumeza dawa yoyote kuna kitu kama ouabaïne, ile ya mishale, kana kwamba mwili wenyewe unaitengeneza. Wengine waliitafuta kwa mashini za namna ingine, hawakuiona. Ubishi haujaisha. Mumoja anasema kingamwili kiliona kweli, mwingine anasema kilimshika ndugu asiyehusika.

Kwa nyumba zetu jambo hili liko na upande wa karibu. Laurier-rose, lile ua zuri la pinki linalopandwa kama fensi, liko na sumu ya ukoo huohuo. Mutu aliyekunywa majani yake kama dawa ya kienyeji anaweza kupimwa na kuonekana ana "digoxine", hata kama hajawahi kuinunua. Hapo kosa la kipimo linaokoa, maana linamwambia munganga atafute upande gani. Lakini namba yenyewe haitoshi kusema kiasi cha sumu.

Vidonge vya nywele

Na sasa sehemu ambayo ningetaka mama na madada wa parsele wasome hata kama wameruka zingine.

Biotini ileile inauzwa sana kwa kukuza nywele na kucha. Mwili unahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Kwenye chupa za nywele utasoma 5.000, hata 10.000. Hizo hazidhuru nywele wala moyo, zinadhuru mashini. Vipimo vingi vya lopitali vinatumia punje ndogo zilizopakwa streptavidini, na damu yako inawekwa pamoja nazo bila kuosha kwanza. Damu ikiwa imejaa biotini ya chupa, streptavidini inashikwa nayo, na kingamwili chenye alama hakipati mahali pa kushika. Mashini haijui kwamba imedanganywa. Inatoa namba kama kawaida.

Namba inakosea upande gani? Inategemea kipimo. Kwa vile vya ubao wa jeton, vinavyotumika kwa vitu vidogo, rangi inapotea na mashini inasoma dawa nyingi kuliko ilivyo. Munganga anaweza kusimamisha dawa ya mutu aliyekuwa anaihitaji. Kwa vipimo vingine, ambamo kingamwili viwili vinabana kitu kikubwa katikati, namba inashuka. Troponine, inayoonyesha kwamba moyo umepata shambulio, ni ya kundi hilo. Mwezi wa 11 mwaka wa 2017 serikali ya Marekani, kupitia idara yake ya dawa, ilitoa onyo juu ya jambo hili, na ilitaja mugonjwa mumoja aliyekufa: alikuwa anameza biotini nyingi, na troponine yake ilionekana chini wakati haikuwa chini.

Ile sahani ya mashimo 96 niliyoieleza inaponyoka mutego huu kwa sehemu kubwa, kwani damu inaoshwa kabla ya streptavidini kuingia. Mashini ya haraka ya lopitali, si zote. Wewe hutajua ni ipi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa damu, sema kama unameza vidonge vya nywele, na onyesha chupa. Laboratwari zinaomba kuziacha siku mbili au tatu kabla ya kipimo. Ni vya nywele tu unavyoacha. Kidonge cha moyo hakiachwi bila neno la munganga.

Tena kwa wale wanaomeza digoxine: kipimo kichukuliwe saa sita au zaidi baada ya kumeza. Kabla ya hapo dawa bado inazunguka ndani ya damu, haijaingia vizuri ndani ya nyama, na namba itapanda bila sababu. Kama ulimeza saa moja asubuhi na wanakuchoma sindano saa mbili, waambie.

Mukono unaohesabu na mukono unaookoa

Kuna jambo moja ambalo lilinishangaza kuliko yote. Kingamwili kilekile kinachohesabu kinaweza pia kuponya. Mwaka wa 1976 Smith na wenzake waliandika habari ya mwanaume wa miaka 39 aliyemeza milligramu 22,5 za digoxine kwa kusudi la kujiua. Kwa vidonge vya 0,25 ni 90. Walimupa vipande vya kingamwili kutoka kwa kondoo, ndani ya mushipa. Vilikusanya digoxine ndani ya damu, vikaivuta kutoka kwenye pampu, na mafigo yakaitoa. Aliishi. Dawa hiyo leo inauzwa, na bei yake ni juu sana. Katika lopitali nyingi za Afrika hutaiona kwenye rafu.

Digoxine siku hizi si dawa ya kwanza kwa moyo uliochoka. Utafiti mukubwa wa mwaka wa 1997, wa wagonjwa 6.800, ulionyesha kwamba inapunguza kwenda lopitali lakini hairefushi maisha. Dawa zingine zimepita mbele. Lakini ni ya bei ndogo, iko kila farmasi, na kwa moyo unaokimbia bila mupango bado inafanya kazi yake. Kwa hiyo itabaki ndani ya nyumba zetu, na swali la réactif litabaki nayo. Pale ambapo haiko, munganga anabaki na vitu alivyokuwa navyo yule kijana aliyemutunza baba mukubwa: nyuzi za moyo, potasiamu, makaratasi ya dawa, na maswali. Usimufiche kitu. Kuhara, dawa ya kienyeji, vidonge viwili viwili, vyote vinaingia ndani ya hesabu.

Juzi nilimueleza baba mukubwa habari hii yote. Ya panya alicheka. Ya kombe hakushangaa. Anasema baba yake alikuwa na mishale ambayo watoto hawakuruhusiwa kugusa. Ile ya vidonge vya nywele ilimufanya anyamaze. Kiisha akaita mujukuu wake, yule anayesoma infirmière, mwenye nywele ndefu.

"Lete ile chupa yako," akamwambia. "Tusome pamoja iko ngapi."

Ilikuwa 10.000.